Sauti ya Mjomba Povu

Jino halina adabu. Lilimwacha Kinanda amalize wiki nzima ya kurekodi, kisha likamshika Jumatatu asubuhi, siku ambayo mji mzima nao huwa umekumbuka meno yake. Ukumbi wa kliniki, ghorofa ya pili juu ya duka la viatu, ulikuwa umefurika watu walioshika mashavu, na mtoto mmoja aliyekuwa akilia kabla hata hajaguswa. Kinanda alijibanza kwenye benchi na shati lake la maua, kimya, jambo ambalo rafiki zake wasingelisadiki. Wao ndio waliompa jina hilo, kwa kuwa koo lake lilitoa sauti ya mtu yeyote unayemtaka: mhubiri, mtangaza mpira, bibi anayedai haki yake. Riziki yake ilitoka humohumo, kwenye matangazo ya redio.

Alipoitwa ndani akamkuta daktari mwanamke, rika lake, nywele kazisuka nyuma vizuri, koti jeupe na hereni ndogo za bluu. Mikono yake ilikuwa myepesi. Alimchoma sindano ya ganzi, akamwambia asubiri, na hapo redio ya dirishani ikaanza tangazo ambalo nchi nzima ililijua kwa moyo.

Mzee wa milimani anaingia mjini. Ananunua dawa ya meno, anaipaka kwenye mkate, anauma, kisha anauliza, kwa lafudhi nzito inayoburura kila neno, kwa nini siagi ya mjini inatoa povu. Huyo ndiye Mjomba Povu. Huko ukumbini watu walicheka kama kawaida yao.

Daktari akaizima redio.

"Mimi ni mtu wa milimani," alisema, koleo mkononi. "Mgonjwa akisoma jina la ukoo wangu pale mlangoni, mara anamuuliza nesi kama kuna daktari mwingine. Huyo Mjomba Povu, siku akikaa kwenye kiti hiki nitamng'oa yote, na ganzi nitampa nikishamaliza. Fungua mdomo."

Kinanda akafungua. Kama alikuwa na la kuungama, ganzi ilikwisha kumfunga ulimi. Na ganzi ilipoisha, mapenzi yakapokea zamu.

Alirudi mara ya kwanza kuonyesha kidonda. Mara ya pili kidonda kilikuwa kimepona, naye akarudi kuonyesha kwamba kimepona. Mara ya tatu nesi, mama wa makamo asiyedanganyika kirahisi, akamshauri aombe namba ya simu ili awapishe watu wenye meno mabovu.

Simu zikaanza. Jioni moja alimpigia kwa sauti ya msoma habari, kumtaarifu kwamba hali ya moyo wa kijana mmoja bado ni tete. Kesho yake alikuwa mtangaza mpira: Daktari anavaa viatu, anatoka mlangoni, anamtoka beki, anakutana na mpenzi wake kituoni. Daktari alicheka mpaka akakaa chini. Alimwita "redio yangu", naye akamwita "dakta wa moyo", maneno ambayo mkikaa pembeni mkayasikia mtaona aibu, lakini wenyewe waliyaona mapya kabisa.

"Na sauti yako mwenyewe ni ipi?" alimuuliza siku moja.

"Hiyo utaichoka mapema, laazizi."

Kuhusu kazi, alimwambia kwamba hurekodi matangazo ya maduka. Haukuwa uongo. Ulikuwa ukweli uliokatwa kichwa na miguu. Kila alipotaka kusema lililobaki alimwona na koleo lile, akaahirisha.

Basi ikafika Jumapili ya kupelekwa kwa baba. Mzee alikuwa mwalimu wa jiografia mstaafu, mjane, anayekaa na binti yake kwenye nyumba ya vyumba vitatu yenye ramani ukutani badala ya picha. Kinanda alivaa suti ya kijivu. Njia nzima alijiambia kwamba anakwenda kumsalimia mzee wa milimani, aongee kwa heshima, asikosee. Ndipo palipoharibika. Tangu aanze kazi alizoea kuingia studio akimfikiria mtu, na sauti ya mtu huyo ikaja yenyewe. Mzee akasimama, akanyoosha mkono. Kinanda akainama.

"Shikamooo, mzeee," akasema, akiburura kila neno.

Kujikwaa kidole ni heri kuliko kujikwaa ulimi. Mzee aliganda na mkono wake hewani. Daktari, aliyekuwa akileta birika la chai, alisimama mlangoni akimwangalia Kinanda kama mtu anayesoma eksirei.

"Sema tena," alisema polepole.

Kinanda aliinamisha uso.

"Kumbe ni wewe. Miezi yote hii ninacheka na wewe kwenye simu, na kumbe ni wewe unayewachekesha watu pale ukumbini kwangu."

Alilitua birika na kumfungulia mlango. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Kuanzia hapo Daktari hakupokea simu. Kinanda alipiga kliniki kama mhubiri, nesi akamwambia sadaka wameshatoa. Akapiga kama bibi mwenye gego linalouma. Nesi akamjibu, "Bibi, meza dawa, halafu nenda kaombe radhi kwa yule mzee uliyemkosea." Ulikuwa ushauri bora kuliko wote aliowahi kupewa bure.

Alikwenda siku ya kazi, Daktari hayupo. Mzee alimkaribisha ndani, akaingia jikoni, akarudi na sinia. Juu yake palikuwa na chai, vipande viwili vya mkate, na bomba jipya la dawa ya meno.

"Karibu, mwanangu," alisema mzee. "Siagi imekwisha."

Kinanda alilitazama lile sinia na kutamani sakafu ipasuke. Kisha akaomba radhi, vibaya, kwa kigugumizi, bila kuiga mtu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho na kumuuliza jambo moja tu: ile lafudhi aliipata wapi.

Alieleza kwamba alijifunza kwa mwigizaji aliyemtangulia, aliyeigiza mzee wa milimani anayepanda lifti na kutafuta ngazi humo ndani. Na huyo? Aliipata kwa mwingine, wa tangazo la sabuni. Na huyo wa sabuni? Kinanda hakujua. Mtu wa milimani wa kwanza kuongea naye ana kwa ana alikuwa Daktari.

"Nimezaliwa kule na nimefundisha kule nusu ya maisha yangu," mzee alisema. "Lafudhi hiyo sijaisikia kwa mtu yeyote. Ningependa kumwona mwenye nayo. Nipeleke huko kazini kwenu."

Wakati huo kampuni ya matangazo ilikuwa inaandaa tangazo jipya: Mjomba Povu kwa daktari wa meno, akiikimbia sindano. Kinanda alipomwambia mwongozaji kwamba amekuja na mtu halisi wa milimani, mwongozaji alifurahi. Alimkalisha mzee mbele ya kipaza sauti na kumpa kwanza mistari ya tangazo la zamani, kumjaribu. Mzee akavaa miwani, akakohoa, na kusoma kwa Kiswahili kilichonyooka kama rula:

"Naomba unieleze, kijana, kwa nini siagi hii inatoa povu?"

Nyuma ya kioo mwongozaji alikuna kichwa. "Vizuri, mzee. Ila jitahidi uwe mtu wa milimani zaidi kidogo."

"Zaidi ya nilivyozaliwa?"

"Yaani, watu wakutambue."

"Sisi wenyewe tukiongea hawatutambui?"

Alirudia mara tatu. Mara ya tatu mwongozaji alimshukuru, akasema watampigia, na kumwambia Kinanda aingie amuonyeshe mzee jinsi inavyotakiwa. Kinanda alibaki pale pale. Alisema kwamba hiyo sauti hataitoa tena, leo wala kesho.

"Sawa tu," mwongozaji alisema. "Wanaoiweza wako wengi."

Kwenye ngazi mzee alianza kucheka. "Mimi nimefeli mtihani wa kuwa mimi," alisema, akacheka tena, kisha kicheko kikamkauka na akashika ukuta. Kinanda alimshika mkono wakashuka pamoja mpaka chini.

Jumatatu iliyofuata Kinanda alikaa kwenye benchi lile, shati jeupe safari hii. Nesi alimwingiza bila kumuuliza kitu. Daktari alikuwa ameshasikia habari ya mtihani, maana baba yake alimsimulia usiku mzima, akiigiza mpaka mwongozaji.

"Unaumwa jino gani?"

"Hakuna."

"Hiki kiti ni cha wagonjwa."

Kabla hajajibu, redio ya dirishani ikaanza tangazo jipya. Mjomba Povu alikuwa na sauti nyingine, changa kidogo, lafudhi ileile. Aliikimbia sindano. Ukumbini watu wakacheka. Kinanda alizisikia zile kelele zikipenya ukutani mpaka kwenye kiti, akaelewa kwamba Daktari amezisikia hivyo kila siku, mikono ikiwa ndani ya midomo ya watu. Kuacha kwake hakukumzuia mtu yeyote. Aliinua uso, mwenyewe macho yamelowa.

"Nataka kusema kabla hujanichoma ganzi," alisema. "Nilijificha kwa sababu nilikuogopa, na nilikuogopa kwa sababu nilikosa. Nakupenda. Nataka kukuoa, kama baba yako ataniruhusu kukaa tena mezani kwake, hata kwa mkate ule."

Daktari aliizima redio. Alikuwa ameinamisha kichwa, akisikiliza kitu.

"Hiyo ndiyo sauti yako?"

"Ndiyo hiyo."

"Nyembamba."

"Najua."

Alivua glavu, akaketi pembeni mwa kiti na kuushika mkono wake.

"Rudia," alisema. "Nataka niizoee."