Kazi Kuu ya Mwalimu Evod

Maiti ya Hermenegildi, mhasibu wa mashine ya kukoboa mpunga, ililala chali chini ya ngazi za ghala. Pumba zilikuwa zimetanda kila mahali: sakafuni, juu ya magunia, hata kwenye kope za marehemu. Mashine ilikuwa imezimwa, na wakulima walioleta mpunga kutoka Kiberege walisimama nje, kofia mikononi.

"Fuvu limepasuka kisogoni," alisema daktari. "Ameanguka kinyumenyume kutoka juu."

Inspekta Kandida alikuwa amechuchumaa akitazama shati jeupe la marehemu. Kifuani palikuwa na doa la bluu, pana, lenye umbo la kiganja. Alidhani ni wino. Alipoligusa kwa ncha ya glavu, likatoka kama unga.

"Lipige picha," alimwambia askari wake. "Hii ni chaki."

Aliitwa mwenye mashine, mzee Wiliam.

"Hapa mnatumia chaki?"

"Hapana, afande. Magunia tunayaandika kwa maka peni."

"Nani huja na chaki?"

Mzee akakwepesha macho. "Mwalimu Evod, karani wangu wa mizani. Asubuhi anafundisha hesabu sekondari, mchana anakuja hapa. Lakini afande, hao ni marafiki wa kufa na kuzikana. Evod ndiye baba wa ubatizo wa mtoto wa marehemu."

"Yuko wapi sasa?"

"Leo sikumwona kwenye mizani."

Laiti ingekuwa kazi ya jambazi mpita njia! Kandida alizichukia kesi za marafiki. Jambazi ukimkamata unalala usingizi. Rafiki ukimkamata unabaki kujiuliza ni nani hasa uliyemsaidia.

Jioni alifika msibani. Chini ya turubai, hata kabla chai haijapoa, watu walikuwa wameshamhukumu marehemu. Mhasibu alikuwa na mkono mrefu, walinong'ona. Lisemwalo lipo. Mjane, Konsolata, alimvuta Inspekta pembeni.

"Aliyemuua mtamkamata, dada yangu, najua. Mimi naomba kingine. Wanasema mume wangu alikuwa anakula pesa za Evod. Jumamosi tunamzika. Kama alikuwa mwizi, niambie. Kama hakuwa, usikubali nimzike na jina hilo."

"Evod aliwahi kulalamika?"

"Alikuja hapa nyumbani. Alisema shuleni hakatwi hata senti, mashineni anakatwa karibu theluthi ya mshahara. Mume wangu akamwambia ni kodi. Evod akamuuliza, kodi gani hiyo inapiga hodi mlango mmoja na kuuruka mwingine?"

Kandida mwenyewe, kama watumishi wengi, alikatwa kila mwezi bila kuuliza. Asubuhi ya Alhamisi akampigia simu ofisa wa kodi. Akauliza, akauliza tena, mpaka akaelewa. Alipokata simu aliona uchungu mtupu.

Mchana askari walimleta Evod kituoni kutoka Sanje, kwa wakwe zake. Hakuwa amejificha. Walimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, chakula mbele yake hakijaguswa.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mwalimu." Kandida alimwonya kwanza kama sheria inavyotaka, kwamba lolote atakalosema laweza kutumika mahakamani. Kisha akauliza: "Jana kipindi cha mwisho ulifundisha nini?"

"Asilimia. Kidato cha kwanza."

"Kwa chaki gani?"

"Nyeupe, na..." Akavitazama viganja vyake.

"Na ya bluu. Umeiacha kwenye shati la rafiki yako."

Evod hakukana. "Nilimsukuma mara moja tu."

"Kwa nini?"

"Nilimuuliza hela zangu zinakwenda wapi. Akacheka, akasema, 'Umejitakia mwenyewe, Evod.' Anilie hela, halafu anicheke! Hasira zikanipanda."

"Ulielewa alichomaanisha?"

"Hapana."

"Sikiliza. Mwenye ajira mbili hutaja ipi ni kuu. Kile kiasi cha mshahara kisichotozwa kodi anakipata huko tu, mara moja. Ajira ya pili hukatwa asilimia thelathini kuanzia shilingi ya kwanza. Wewe ulitaja ipi?"

"Shule."

"Yenye vipindi vichache na mshahara mdogo."

"Wakwe zangu wananijua kama mwalimu, afande. Wangenipa binti yao ningesema kazi yangu kuu ni kupima magunia?"

Kandida alimhurumia, na huruma ile ilimuudhi. "Basi msamaha wa kodi umeupa mshahara mdogo, ambao haufiki hata kiwango cha kukatwa. Ule mkubwa umeuacha ukatwe kuanzia shilingi ya kwanza. Hakukushauri ubadilishe?"

"Alinishauri. Zaidi ya mara moja. Nikaona ananizungusha." Akainua macho. "Kwa hiyo hizo hela..."

"Zilifika serikalini, zote. Nimehakikisha."

Evod akaanza kuandika hesabu juu ya meza kwa kidole kitupu. Akakokotoa mshahara mmoja, kisha mwingine, kisha akaigeuza kazi ya pili kuwa ya kwanza. Kidole kikasimama. Jibu alilipata, maana hesabu zilikuwa kazi yake.

"Hata wanafunzi wangu wa jana wangeiweza hii," alisema, akaangua kilio.

Kandida hakuona aibu kufuta macho yake mwenyewe. Kisha akavuta karatasi za maelezo ya onyo.

"Jina lako kamili?"

"Afande, andika kwanza kwamba Hermenegildi hakuwa mwizi."

"Maelezo huanza na jina, mwalimu."

"Basi anza na jina lake."

Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Inspekta Kandida akashika kalamu, akaanza na la Hermenegildi.