Maneno Yaliyokatwa

Kila alasiri alipotoka shule, Chapuchapu alivua viatu mlangoni mwa chumba cha kurekodia, akakunja nyaya zilizotapakaa sakafuni, kisha akapangusa meza. Jina hilo alipewa na mama yake, kwa kuwa kila kazi aliifanya kama mtu anayekimbizwa. Mama alirekodi vitabu vya shule kwa ajili ya wanafunzi wasioona. Kuta za chumba zilivikwa sponji nene. Ukizungumza humo, sauti yako ilimezwa papo hapo, kana kwamba kuna mtu aliyeidaka.

Siku hiyo mezani palikuwa na kompyuta mbili. Ile ya zamani ilinguruma na kupumua hewa ya moto kama kawaida yake. Mpya haikutoa hata mnong'ono. Ukiigusa ilikuwa baridi, lakini kioo chake kilikuwa kimewaka, kama jicho lisilopepesa.

“Kampuni inayozitengeneza imebadilisha aina ya prosesa,” Mama alimweleza. “Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Programu zetu ziliandikwa kwa lugha ya ubongo ule wa zamani. Hii mpya ina mkalimani ndani yake, ila mkalimani naye hajui kila neno. Nimeshahamisha kazi zote nilizorekodi. Wewe ifungue kila moja humu, uisikilize mpaka mwisho. Jioni fundi anakuja kuifuta ile ya zamani na kuichukua.”

Mama alipotoka, Chapuchapu alifungua kazi ya kwanza. Mistari ya sauti ikajitokeza kiooni. Akaifunga. Akafungua ya pili, akaifunga. Uwanjani wenzake walikuwa wakigombania mpira, na kelele zao zilimwasha miguu. Alizipitia zote hivyo hivyo, akatoka mbio.

Aliporudi, Mama alikuwa jikoni.

“Umezisikiliza zote?”

“Zote, Mama. Ziko sawa.”

“Hata kitabu cha Babu?”

“Hata hicho.”

Kitabu cha Babu kilikuwa cha sayansi. Babu, baba yake Mama, alikisoma kipande kwa kipande akiwa mgonjwa, akafariki muda mfupi baada ya kukimaliza. Shule ya wanafunzi wasioona ilikuwa ikikisubiri.

Chapuchapu alirudi chumba cha kurekodia kuchukua mkoba wake, lakini uongo ulikuwa ukimchoma kama mwiba. Akasema moyoni, ngoja nisikilize hata kidogo. Akakifungua kitabu cha Babu, akabonyeza kicheze, kisha akaufuata mkoba mlangoni.

“Mbona umesimama mlangoni?” sauti ya Babu ikauliza nyuma yake. “Ingia, mwanangu.”

Nywele zilimsimama. Chumbani hapakuwa na mtu. Babu akakohoa, akaomba maji. Mara akaanza kusoma habari za mwezi, na kabla hajamaliza sentensi, Babu mwingine akadakia habari za mizizi. Wa tatu akacheka taratibu. Walikuwa wengi, wote wenye koo moja, na mashine yenyewe ilikuwa imetulia tuli.

Alichomoka mbio, akamgonga tumboni fundi aliyekuwa ndiyo kwanza anafika.

“Taratibu, bibie, utanitoa matumbo. Kuna nini?”

“Babu yumo ndani. Ameniambia niingie.”

“Basi tuingie, tusimkasirishe mzee,” fundi alisema huku akicheka. Alipofika ndani kicheko kikamkauka.

Mama alikuja na mwiko mkononi. Alisimama akisikiliza, machozi yakamlengalenga. “Hayo ni maneno niliyoyakata kwenye rekodi,” alisema. “Alikuwa akiniambia mimi.”

Fundi aliinama akachunguza. “Kuna kiprogramu kilichokuwa kinahifadhi jinsi ulivyokata na kupanga vipande. Mkalimani hakielewi, kwa hiyo kila kitu kimerudi shaghalabaghala. Ningeifuta ile ya zamani, mpangilio wote ungepotea.”

Mama alimgeukia Chapuchapu. “Ulisikiliza?”

“Hapana, Mama. Niliona zimefunguka, nikasema ziko sawa. Nisamehe.”

Sponji iliyameza maneno yake. Mama aliketi mbele ya kompyuta ya zamani, akakifungua kitabu humo, na Babu akarudi kuwa mtu mmoja. Walikigeuza kiwe rekodi moja iliyokamilika, ambayo mashine yoyote ingeweza kuicheza. Kisha Chapuchapu akaihamishia kwenye kompyuta mpya, akaisikiliza neno kwa neno, na baada yake kazi nyingine zote. Fundi alingoja, mpaka akasinzia kitini.

“Na yale uliyoyakata?” Chapuchapu aliuliza kwa sauti ya chini. “Tuyafute?”

“Yaache. Hayo ni yangu.”

Hatimaye fundi aliifuta ile ya zamani, akaizima. Mngurumo wake ulififia, chumba kikawa kimya kuliko siku zote. Mama akamvuta bintiye karibu.

“Sikiliza, mwanangu. Kazi isiyofanyika si msiba, maana mtu bado anaweza kuifanya. Lakini uliponiambia umeifanya, nami nikaacha kuiangalia, kwa sababu nilikuamini. Nusura tumpoteze Babu mara ya pili, tena kwa mikono yetu wenyewe. Siku nyingine, kama hujafanya, niambie hujafanya. Nitakugombeza, kisha tutaketi tuifanye pamoja.”