Vivuli Kifuani kwa Mwongeli

Asubuhi ile haikuwa na neno. Nilimpeleka dada yangu Mwongeli kliniki moja hapa mjini Wote kwa sababu ya kikohozi. Tulipiga foleni, tukanywa chai ya kibandani, akaitwa kupigwa eksirei ya kifua. Punde mpiga picha akachungulia mlangoni.

"Mama, toa hizo shanga shingoni."

Mwongeli hakuwa amevaa shanga. Hata hereni hakuwa nazo.

Ripoti ilisema: "Kuna vivuli vidogo vya duara, vimepangana kifuani. Maana yake haijulikani. Linganisha na hali ya mgonjwa." Nilikasirika mpaka masikio yakawasha. Hali gani tena? Hali si hiyo, anakohoa hadi kulia, ndoo ya maji hawezi kuinua! Daktari naye akakataa kumwanzishia dawa.

"Siwezi tibu kitu sijui, sister. Rudini wiki ijayo, turudie picha."

Tukarudi. Vivuli vilikuwa vimepanda, viko karibu na koo. Ripoti, maneno yaleyale, kama waliyanakili. Mwongeli alikuwa amekonda, anahema hata akiketi.

"Wanangoja nife ndio waelewe?" aliniuliza. Nilikuwa na hasira tu.

Nikampelekea Susu Syombua, nyanya yetu, ile filamu ya eksirei. Aliiinua dirishani, akaitazama kwa muda, kisha akatoa kopo la kahawa chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na mkufu mdogo wa shanga. Kwetu Ukambani, zamani, mtoto alivishwa mkufu na baba yake siku ya nne, akishapewa jina. Kabla ya hapo alihesabiwa bado ni wa mizimu. Binti mchanga wa Mwongeli alikufa siku ya tatu tangu azaliwe, mwezi wa Mei. Susu aliomba azikwe na mkufu huo aliokuwa ameandaliwa, Mwongeli akakataa kabisa, akasema sisi ni watu wa kanisa.

Mkufu ulikuwa na pengo, mahali shanga moja ilipokatika. Vivuli kwenye filamu vilikuwa na pengo palepale.

"Alienda bila kuvishwa," Susu alinong'ona. "Anautafuta kwa mamake. Muthama, babake, auzike kaburini. Lakini msimwite jina. Mkimvisha na mkamwita, mmemfanya mtu. Na mtu hukaa kwao."

Nilimwambia huo ni upuuzi. Lakini mfa maji haachi kutapatapa, na Mwongeli alikubali kabla sijamaliza kumweleza.

Tulienda mchana, jua likichoma. Muthama, mumewe, alichimba kidogo kando ya kaburi, akauweka mkufu, akafukia. Jina hatukulitaja. Tukageuka kuondoka.

Mwongeli hakugeuka. Alipiga magoti. Midomo ilikuwa inacheza.

"Kanini," alisema. "Kanini wa mama."

Nilimziba mdomo. Nilichelewa.

Hakuna kilichotokea. Alivuta pumzi ndefu, akaitoa, akavuta nyingine. Hakukohoa. Akaanza kucheka huku analia, na mimi nikalia naye. Usiku huo alilala fofofo. Susu hatukumwambia.

Juzi tulirudi kliniki kwa picha ya mwisho. Mwongeli alitembea mwenyewe, akaingia peke yake. Mimi nilibaki nje nimeshika mkoba wake. Nikamsikia mpiga picha ndani.

"Shh. Shh. Karibu tumalize."

Sauti ya kubembeleza. Mtu mzima habembelezwi hivyo.

Mwongeli akatoka. Anatabasamu. Gauni lake lilikuwa limelowa begani, upande wa kushoto, mahali pamoja tu, kama penye mate.

Ripoti ikaja. Niliifungua nikiwa tayari kugombana na yeyote. Kwa mara ya kwanza niliielewa yote.

"Mapafu ni safi. Tafadhali, wakati mwingine mama asiingie na mtoto."