Tundu la Chini ya Dirisha

Jua lilikuwa linazama muuguzi aliporudi kutoka zamu, miguu imemvimba, akapitiliza moja kwa moja uani kuangalia mtego. Chai ingengoja. Panya buku walikuwa wamechimba hadi chini ya chumba cha mama yake, ukuta umeanza kupasuka, na mama, ambaye macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, alikataa katakata kuhama. "Nitatoka humu nimebebwa," alikuwa akisema.

Fundi mitego alimtangulia. Alikuwa amechutama kando ya kasha la waya, ameliondoa gunia lililolifunika. Ndani, panya buku mkubwa kama paka. Mzima.

"Wa mwisho huyo?" aliuliza muuguzi. "We sema ndiyo tu, fundi. Nimechoka mpaka kope zinauma."

Fundi aliligeuza kasha, akamulika miguu ya mnyama. "Dada, tazama kucha. Safi. Huyu hajachimba."

"Basi kaoga."

Fundi hakucheka. "Huyu alikuwa anakimbia." Akainua uso. "Lile tundu la chini ya dirisha, nililosema lisiguswe, liko wapi?"

Muuguzi aligeukia dirisha la chumba cha mama. Desturi ya fundi ilikuwa kuziba matundu yote ila mawili: moja kulitega, na jingine kuliacha wazi bila mtego, ili atakayebaki chini apate pa kutokea nje, asitafute njia ya ndani. Muuguzi aliona upuuzi: utege mlango, uache dirisha? Kabla ya kwenda kazini alilishindilia vipande vya matofali.

"Nimeliziba."

"Lizibue."

Walichomoa matofali. Ukatoka ubaridi... na harufu ya udongo mbichi... na ya dawa ya kuchua, ileile anayojipaka mama magotini.

Kisha sauti. Chini, mbali, ya mtu aliyechoka.

"Mama... nipishe nilale."

Ilikuwa sauti ya muuguzi mwenyewe.

Panya alijikunyata, akajikojolea. Fundi alirudi nyuma akinong'ona, "Mtoe mama yako. Mimi humo siingii, dada. Unisamehe."

Muuguzi alikimbia. Jikoni. Ukumbini. Mlango.

Chumba kilikuwa kiza, vumbi la saruji likamkaba koo. Mama alikuwa amelala ubavu, ameelekea ukutani, amejibana kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi.

Nyuma yake, shuka lilikuwa limetuna.

"Mama," alinong'ona. "Inuka twende. Polepole."

"Twende wapi tena?" Mama aliongea kwa usingizi. "Si umesema umechoka, ukaniomba nafasi, nikakwambia panda?" Akarudisha mkono nyuma, akawa anakipapasa kilichokuwa chini ya shuka, kwa huruma, kama anayembembeleza mtoto. "Hiyo kazi itakuua, mwanangu. Mwili wote baridi."

Mkono ukasimama.

"We," alisema taratibu. "Mbona unaongea kutoka mlangoni?"