Vipandikizi vya Kiherehere

Je, umewahi kufunua sufuria ya wali mara tano kabla haujaiva? Kama umewahi, utamwelewa msichana mmoja aliyeitwa Kiherehere. Hata chai hakuweza kuisubiri ipoe. Ulimi wake haukukosa lengelenge.

Aliishi kwa shangazi yake, fundi cherehani, pamoja na Polepole, binti wa baba yake mdogo. Polepole alihamia hapo miezi mitatu nyuma, wazazi wake walipopelekwa mbali kikazi. Walilala kitanda kimoja. Mmoja aliongea mpaka usingizini, mwingine alisikiliza.

Cherehani ilikaa barazani, hatua sita kutoka barabara ya vumbi. Gari likipita, Shangazi hufunika nguo kwa shuka. Siku moja alichelewa, na shati jeupe la shule likageuka rangi ya chai. Mteja akalirudisha.

"Tutapanda uzio wa maua uzuie hili vumbi," Shangazi akasema. "Kiherehere, wewe una maneno, utachagua mimea. Polepole atamwagilia."

Kwenye kitalu, mzee mwenye miche aliwaonyesha vipandikizi vya haibiskasi, vijiti virefu kama penseli, bado havina mizizi.

"Huyu ndiye mkubwa wa uzio," alisema. "Sasa mtafutieni wenzake. Msitazame sura tu. Ulizeni, anakunywa maji kiasi gani? Anapenda jua? Bogenvilia ni mzuri, lakini atawakalia wenzake kichwani. Mwaridi atakubali akipewa nafasi. Na chini awepo mfupi, afunike udongo usikauke."

Polepole alikuwa kando, akisugua jani la mrehani na kunusa vidole.

"Mimi nili..." alianza.

"Hayo majani tu," Kiherehere akamkata. "Babu, tupe haibiskasi na mwaridi. Basi, tunachelewa."

Walipanda siku hiyo hiyo. Siku ya tatu, Kiherehere akiwa bado na sare ya shule, alichuchumaa, akachomoa kijiti, akakikagua chini, akakirudisha. Akachomoa cha pili.

"Unafanya nini?" Polepole akauliza, kopo la maji mkononi.

"Natazama kama vina mizizi."

"Jana si ulitazama?"

"Jana si leo. Mwagilia, bwana, usinisimamie kama askari."

Wiki ya tatu, majani yakawa manjano, vijiti vikasinyaa. Asubuhi moja Shangazi alifinya udongo, uso umekunjamana.

"Polepole, umevizamisha. Nilisema kopo moja."

"Nilimwagilia kopo moja, Shangazi."

"Basi kopo lako ni pipa. Liweke chini. Kuanzia leo sitaki uguse bustani."

Polepole alimtazama Kiherehere. Kisha akaweka kopo chini taratibu, kana kwamba lina mayai, akaingia ndani.

Kiherehere alifagia uwanja. Akafagia tena palepale. Alikaa kula, akasimama, akakaa. Alikwenda chumbani, akamkuta mwenzake amelala akiangalia ukuta, akatoka. Barazani cherehani ilikuwa inalia tatata, tatata. Akaenda kusimama mbele ya Shangazi.

"Shangazi."

"Sema, nakusikia." Mguu uliendelea kukanyaga.

"Si maji. Nilikuwa navichomoa."

Cherehani ikanyamaza.

"Vingapi?"

"Vyote."

"Mara ngapi?"

"Kila siku. Jumapili mara mbili."

Shangazi alijizuia kucheka, kisha uso ukarudi mahali pake. Alichukua kijiti kimoja kilichokauka, akamwonyesha nyuzi nyeupe zilizokatika.

"Unaona? Vilikuwa vimeanza. Mzizi mwororo hauvumilii kuvutwa kila siku, mwanangu. Lakini hilo ni kosa dogo. Kubwa ni kumwacha mwenzio abebe mzigo wako. Ungesema asubuhi, angekula chakula chake kwa amani. Anayesema kweli mapema hupunguza maumivu ya wengi. Nami nimemhukumu kabla ya kumuuliza vizuri. Twende tukamwombe radhi, wote wawili."

Leo uzio ule unamfika Shangazi kifuani, na mashati meupe hubaki meupe. Lakini ulianza upya Jumamosi iliyofuata, baada ya Kiherehere kubeba ndoo kumi za mbolea kwenye kitalu ili kulipia vipandikizi vingine. Mzee alipouliza wanataka nini safari hii, Kiherehere alifunga mikono nyuma ya mgongo.

"Achague Polepole," alisema. "Siku ile ulitaka kusema nini?"

Kiherehere alihesabu kimoyomoyo mpaka kumi, mpaka ishirini, akiuma midomo. Alifika thelathini na moja.

"Nilitaka mrehani," Polepole akasema. "Kwetu mama aliuweka dirishani. Nilitaka uwe yule mfupi, chini ya haibiskasi, karibu na mlango, ili nikitoka asubuhi niunuse."