Ukurasa wa Tisa kwa Wino Mweusi

Mkono wa chuma ulishuka taratibu kutoka kwenye kichujadamu, ukapapasa ngozi ya Mzee Yoeli Ndahani kutafuta tundu la mshipa, kisha ukachomeka mipira miwili: mmoja wa kutoa damu, mwingine wa kuirudisha mwilini ikiwa safi. Mzee hata hakugeuka kutazama. Aliendelea kusikiliza habari, kikombe chake kidogo cha chai kikiwa mkono wa pili.

Mashine ile haikuzidi ukubwa wa kabati la vyombo, na kwa jiji zima la Dodoma zilikuwapo mia tatu na ishirini. Kazi iliyokuwa ikifanywa na figo, na baadaye na wodi nzima ya wauguzi, sasa ilifanyika sebuleni kwa muda wa saa tatu kila siku. Kichujadamu chenyewe hakikuwa na akili. Akili ilikuwa mbali, katika Kituo cha Tiba Mbali, ambako akili unde moja iliziangalia mashine zote kwa pamoja, ikipima kasi ya damu, ikiongeza hapa, ikipunguza pale. Damari, binti wa Mzee Yoeli, alikuwa mhandisi katika Kituo hicho. Yeye na wenzake ndio waliozibuni mashine hizo.

Asubuhi hiyo habari zilikuwa mbaya. Jua lilikuwa limetema wingu kubwa la chembe za umeme, na wingu hilo lilikuwa njiani kuja duniani. Ili setilaiti na nyaya zisiungue, Mamlaka ingezima mtandao wote siku hiyo hiyo saa kumi alasiri, na huenda usirudi kabla ya siku nne. Umeme wa mapaa ungebaki, kila nyumba na wake. Lakini vioo vya ukutani, ambavyo watu walisomea kila kitu, vingegeuka vioo vitupu, maana havikuhifadhi hata neno moja. Na vichujadamu vingebaki bila mwangalizi.

Hospitali ilichukua wagonjwa waliozidiwa mpaka vitanda vikaisha. Waliobaki waliambiwa kila mtaa ujipange, chini ya mhandisi au muuguzi anayekaa humo. Katika mtaa wa Damari zilibaki mashine kumi na sita, pamoja na ya baba yake.

Damari alijua kwamba mashine ile ingeweza kuendeshwa kwa mkono. Ulikuwapo mwongozo wa kurasa kumi na moja, na aliufahamu vizuri, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuandika. Yeye pia ndiye aliyetia saini, miaka sita iliyopita, kwamba kijitabu cha karatasi kiondolewe kwenye boksi la kila mashine mpya. Hakuna aliyekuwa akikifungua, na mtandao haukuwahi kuzimika hata dakika kumi. Sasa mwongozo ulikuwa kwenye mtandao peke yake. Ofisini kwao hapakuwa na printa. Serikali ilikwisha kuacha karatasi zamani, na printa ya mwisho Damari aliiona ikibebwa na wakusanya vyuma chakavu.

Saa nne asubuhi alikuwa Majengo, kwenye duka la vitu vilivyotumika la mwanamke aitwaye Hidaya. Humo ndani zilikuwapo printa tatu, zimepangwa juu ya meza kati ya feni na pasi.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, nyeupe, inang'aa kama jana tu imetoka kiwandani, na bei yake ilikuwa ya chini kuliko zote. Damari aliinyooshea mkono. Hidaya akamuuliza anataka kuchapisha nini, na mara ngapi. Damari akamweleza kwamba ni kazi ya leo, pengine na ya mwakani, na kati yake hakuna kitu.

"Basi hiyo si yako, dada," Hidaya alisema. "Hiyo inatumia wino wa maji. Ukiiacha mwezi mmoja bila kuitumia, wino unakauka kwenye pua zake. Itakutia hasira bure."

Aliiwasha ili Damari aone mwenyewe. Karatasi ilitoka na michirizi, nyekundu isiyofika mwisho na bluu isiyokuwapo kabisa, halafu printa ikagoma kuchapisha hata nyeusi mpaka iwekewe rangi zote. Zaidi ya hayo, Hidaya aliongeza, kabla ya kila kazi ilitaka kwanza iongee na watengenezaji wake mtandaoni, na leo saa kumi hao hawatapatikana. Ya pili ilikuwa kubwa kama jiko, ilichapisha, ilinakili na ilisoma picha, na bei yake ilikuwa ya ofisi, si ya nyumba. Ya tatu ilikuwa pande la boksi la kijivu lililogeuka manjano kwa uzee. Ilichapisha nyeusi tu. Ilitumia tona, wino wa unga, ambao ungeweza kukaa miaka mitano ukabaki unga ule ule. Iliunganishwa kwa waya, haikumwomba mtu ruhusa.

"Kazi yako ina rangi humo ndani?" Hidaya aliuliza.

"Maandishi na michoro tu," Damari alijibu, huku akitazama saa. "Nyeusi inatosha."

Hidaya alimfungia printa ile pamoja na kompyuta mpakato kuukuu na rimu mbili za karatasi, akamwonyesha namna ya kuitikisa tona ikianza kufifia.

Saa saba Damari alikuwa amekwisha kuuhamisha mwongozo kutoka mtandaoni hadi kwenye kompyuta. Watu wa mtaa walikwisha kujaa mlangoni kwake. Printa ilikohoa, ikanguruma, ikatoa ukurasa wa kwanza ukiwa na joto kama chapati. Kutoka hapo haikusita. Damari alizipokea karatasi zikitoka, akazikunja, akazibana pini, akaandika jina la mchukuaji kwenye daftari, akamweleza mambo makuu kwa haraka, akamgeukia mwingine. Moyoni aliona nafuu. Alikuwa anakirudisha alichokiondoa.

Mtu wa kumi na tano alikuwa Mzee Leonsi, seremala aliyestaafu, ambaye mkewe Merisiana alikuwa kwenye mashine mwaka wa tatu. Hakuondoka upesi kama wengine. Alisimama akausoma mwongozo ukurasa kwa ukurasa, akauliza maswali mawili ya maana kuhusu mapovu ya hewa, akashukuru kwa kuinamisha kichwa. Alikuwa mtu wa kufuata ramani ya kazi hadi milimita, na Damari alijisemea kwamba kama wote wangekuwa kama huyu, asingekuwa na wasiwasi.

Saa kumi kamili vioo vyote vikawa vyeusi.

Kesho yake asubuhi, saa mbili, Damari alimwandaa baba yake. Hakuhitaji kusoma. Aliuchukua mpira wenye pete nyekundu, akauchomeka tundu la juu la mashine, na wenye pete ya bluu tundu la chini, akafungua koki, damu ikaanza kutembea. Mzee Yoeli, ambaye alikuwa dereva wa treni kwa miaka thelathini na hakupenda kukaa bila kujua chombo kinaendeshwaje, alivaa miwani akaanza kuupitia mwongozo. Alipofika ukurasa wa tisa alikaa nao muda mrefu.

"Mwanangu," alisema, "hapa mpira mwekundu ni upi?"

Damari alisogea. Ukurasa wa tisa ulikuwa mchoro mtupu. Alikuwa ameuchora hivyo makusudi, bila neno hata moja, ili hata asiyejua kusoma aweze kuufuata: mstari mwekundu na mstari wa bluu, ikitoka mkononi, ikipishana katikati, mmoja ukienda tundu la juu na mwingine la chini. Kwenye karatasi iliyokuwa mkononi mwa baba yake, mistari yote miwili ilikuwa ya kijivu. Kijivu kile kile. Pale ilipopishana, hapakuwa na namna ya kujua upi unakwenda wapi.

Alijua nini kingetokea mtu akikosea. Mashine isingelia. Taa ya kijani ingewaka kama kawaida, kwa kuwa bila akili unde ilichojua ni kwamba damu inatembea. Lakini damu iliyokwisha kusafishwa ingevutwa tena ile ile, na chafu ingebaki mwilini. Mgonjwa asingekufa siku hiyo. Angechoka kidogo, kesho akachoka zaidi, na familia ingezidi kumwekea mashine ikidhani inamsaidia.

Nyumba kumi na tano. Simu hazifanyi kazi. Na baba yake alikuwa na saa mbili na nusu zaidi za kukaa kwenye mashine, ambayo haikutakiwa kuachwa bila mtu wa kuiangalia.

Mzee Yoeli alimsoma usoni. Alimwomba kalamu, akachora mwenyewe mstari mzito juu ya mmoja wa ile mistari ya kijivu, akamuuliza kama ni huo. Damari akaitikia.

"Nenda," alisema. "Nimevuta mabehewa arobaini yasiyokuwa na breki za kuaminika kwenye mteremko wa Gulwe. Hiki kikabati nitakiangalia."

Damari alisita mlangoni. Alimwona baba yake amesogeza kiti, macho kwenye geji, mkono mmoja juu ya koki. Akatoka.

Alizunguka kwa baiskeli, daftari likiwa kifuani. Nyumba ya kwanza walikuwa hawajaanza. Ya pili walikuwa wameanza, na walikuwa sahihi, kwa kubahatisha tu. Ya tatu walikuwa wamekosea. Aliwageuzia mipira kwa mikono yake, akachora mstari mzito kwenye ukurasa wao, akawaomba radhi bila kueleza sana, akakimbia. Kufikia saa tisa alikuwa amepita nyumba kumi na nne. Sita zilikuwa zimekosea. Alipita nyumbani akamkuta baba yake amemaliza, amejichomoa mwenyewe, amelala kwenye kochi akiwa hoi lakini salama.

Nyumba ya Mzee Leonsi ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Jirani alisema wamehamia, na mashine yao, kwa ndugu wa mke, wenye paa kubwa la umeme, ila hakukumbuka kama ni Kikombo au Hombolo. Siku ya pili Damari alikwenda Kikombo, akauliza hadi sauti ikakauka. Siku ya tatu alikwenda Hombolo, njia ndefu ya vumbi, akafika akiwa na kiu na malengelenge viganjani. Hakuna aliyewajua. Siku ya nne alirudi kwenye mlango ule wa kufuli, akakaa barazani mpaka jua likazama. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Siku ya tano asubuhi mtandao ulirudi. Vioo viliwaka mji mzima kwa mkupuo, watu wakashangilia mitaani. Kwenye meza ya Damari kulikuwa na taarifa moja inayongoja. Akili unde ilikuwa imekusanya kumbukumbu za mashine zote, na chini ya jina la Merisiana iliandika kwamba mgonjwa amefariki siku ya nne, huko Veyula. Sababu: mwendeshaji alikosea kuunganisha mipira. Kosa la mtumiaji. Mhandisi athibitishe.

Mkuu wa Kituo alimpigia dakika chache baadaye. Alizungumza kwa upole. Alisema mashine mia tatu na kumi na tisa zimevuka salama, kwamba Damari ameokoa watu, na kwamba taarifa imeandikwa kweli tupu, mipira ilikosewa. Alimsihi abonyeze athibitishe, kesi ifungwe. Damari alimuuliza kama nakala imekwisha kupelekwa kwa familia. Mkuu alisema hilo hufanyika lenyewe. Damari akakata simu bila kuthibitisha kitu, akachukua mwongozo mmoja, akaenda Veyula.

Watu wa msiba walikuwa wamekaa nje. Mzee Leonsi alikuwa peke yake pembeni ya nyumba, kwenye kigoda, mikono imelala mapajani kama vitu ambavyo si vyake. Alimkaribisha. Alisema ameisoma taarifa. Alisema siku ya pili mkewe alimwambia anajisikia vibaya, naye akamwongezea muda kwenye mashine, siku ya tatu vilevile, taa ilikuwa ya kijani, akaendelea kumwongezea.

"Mikono hii," alisema. Hakumalizia.

Damari alichuchumaa mbele yake, akafungua ukurasa wa tisa, akauweka juu ya magoti ya mzee. Akamwambia kwamba mchoro ule ulikuwa wa rangi mbili, kwamba yeye aliuchapisha kwa wino mweusi bila kuutazama, na kwamba karatasi aliyompa haikuwa na jibu ndani yake. Alimwambia kuhusu kijitabu kilichoondolewa na ni nani aliyetia saini. Hakulia, kwa sababu aliona hana haki ya kulia hapo.

Mzee Leonsi aliweka kidole mwanzo wa mstari mmoja, akaufuata polepole mpaka pale unapopishana na mwingine. Kidole kikasimama. Akarudia tena kwa mstari wa pili. Kikasimama palepale.

"Kwa hiyo nilifuata sawasawa," alisema.

"Ulifuata sawasawa, mzee wangu."

Uso wa Mzee Leonsi haukulainika, na Damari hakutarajia ulainike. Hatimaye aliikunja ile karatasi, akamrudishia.

"Watoto wako ndani," alisema. "Tangu asubuhi, tangu waione ile taarifa, hakuna aliyenitazama usoni. Ingia uwaambie wewe."

Damari alisimama. Alivua viatu kizingitini, akapiga hodi, akaingia.