Beseni la Jenerali

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Kidoti alikuwa na kazi tatu, na zote tatu zilikuwa za paka. Ya kwanza ilikuwa kumwaga maji ya jana, kuosha bakuli na kutia maji mapya. Ya pili, kumchana manyoya. Ya tatu, ambayo aliichukia kuliko hata kuamka mapema, ilikuwa kuzoa kinyesi kwenye beseni la mchanga lililowekwa nyuma ya mlango wa bafu.

Kidoti halikuwa jina lake. Watu wa nyumbani walimwita hivyo kwa sababu ya alama ndogo nyeusi iliyokuwa kidevuni mwake. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Paka naye aliitwa Jenerali kwa sababu ya mabaka meupe yaliyojipanga kifuani kama nishani, na kwa vile alivyopita sebuleni mkia juu kana kwamba anakagua gwaride. Kidoti ndiye aliyemtaka. Alimlilia mama wiki nzima, akala kiapo kwamba atamtunza bila kukumbushwa. Mama alikuwa fundi cherehani, chumba chake cha mbele kimejaa vitambaa vya watu, na hakutaka mnyama humo hata kidogo. Lakini kilio kilipozidi, alisalimu amri.

Mwezi wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kufika mwezi wa nne, Kidoti alikuwa amegundua njia ya mkato. Badala ya kuzoa, alichukua konzi mbili za mchanga mpya na kuzinyunyiza juu ya ule wa zamani, na beseni likaonekana safi kama la dukani. Bakuli la maji aliliongezea tu mpaka likajaa. Kuchana manyoya alikusahau kabisa.

"Umesafisha beseni?" mama aliuliza kila asubuhi kutoka chumba cha mbele, pini zikiwa mdomoni.

"Ndiyo, mama."

"Na maji?"

"Tayari!"

Mama, mwenye magauni ya kumaliza, hakuwa na sababu ya kwenda kuchungulia.

Jumatano moja Jenerali alianza vituko. Aliingia kwenye beseni, akachutama, akajikamua, akatoka bila kitu. Baada ya dakika mbili akarudi tena. Alipochoka na beseni alienda kujikunyata juu ya lesi nyeupe ambayo mama alikuwa akiikata, akalia kwa sauti nzito ya kusikitisha. Mama akamtoa. Akarudi. Mama akamtoa tena. Akarudi, safari hii akalalia mkasi.

"Mtoe huyu mnyama hapa kabla sijamshona pindo!" mama alifoka.

Kidoti alimbeba akampeleka bafuni. "Haya, jisaidie! Si nimekuletea beseni mpaka mbele ya pua?" Jenerali alilitazama beseni, akamtazama Kidoti, kisha akaenda kukojoa kwenye kitundu cha kutolea maji sakafuni.

"Jamani, paka huyu ana wazimu!" Kidoti alilalamika huku akimwaga maji. "Beseni liko pale pale!"

Mama aliacha cherehani akampigia simu daktari wa mifugo, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Anakojoa?" daktari aliuliza.

"Anakojoa vizuri tu, tena sakafuni," mama alijibu kwa hasira.

"Choo kikubwa je? Mara ya mwisho alijisaidia lini?"

Mama alimgeukia Kidoti. "Wewe ndiye unayezoa. Lini?"

Ukweli ni kwamba hakujua. Chini ya mchanga ule kulikuwa na vinyesi vya wiki nzima, na huenda na zaidi. Lakini angesemaje hajui, wakati kila asubuhi alisema amesafisha?

"Jana," alisema.

"Kama ni jana, msihangaike," daktari alisema. "Mpeni maji ya kutosha, mumwangalie. Zikipita siku mbili bila choo, mleteni. Na tafadhali, msimpe dawa yoyote ya watu."

Mama alishusha pumzi, akarudi kwenye lesi yake. Kidoti hakushusha pumzi. Neno lile, "jana", lilimsumbua mpaka usiku.

Kesho yake alasiri, aliporudi kutoka shuleni, alimkuta Jenerali chini ya kitanda. Samaki wake hakumgusa. Karibu na kabati alikuwa ametapika povu la manjano. Kidoti alimwita, lakini paka alifumba macho tu.

Chumba cha mbele alimkuta mama pamoja na mjomba, aliyekuja baada ya kusikia paka anaumwa. Mjomba alikuwa dereva wa lori, mtu wa sauti kubwa, na hakuna ugonjwa duniani ambao hakuijua dawa yake. Mkononi alishika chupa ya mafuta ya nyonyo na kijiko.

"Kijiko kimoja tu," alisema. "Sisi tulinyweshwa haya tukiwa wadogo, na mpaka leo tumbo langu linakwenda kama saa."

"Kaka, daktari amekataza dawa za watu," mama alisema.

"Daktari amesema msubiri. Mmesubiri. Amepona?"

Kabla mama hajajibu, mjomba alikuwa ameshamvuta paka kutoka uvunguni, akamleta mezani na kumviringisha kwenye taulo. Jenerali mgonjwa alikuwa bado Jenerali. Kijiko kilipomkaribia alitoa mguu mmoja, akamkwaruza mjomba mkono. Mjomba akapiga ukelele, chupa ikaruka, na mafuta yakamwagika mezani juu ya lesi nyeupe, mkono mzima wa gauni la mwalimu wa hesabu wa Kidoti, aliyetarajia kulivaa Jumapili kwenye harusi ya mdogo wake.

Doa lilizidi kutanuka, na mama akalitazama linavyotanuka.

"Mimi nilitaka kusaidia," mjomba alisema kwa sauti ya chini, akifuta damu mkononi.

Mama aliketi, akashika tama. "Sielewi," alisema. "Kajisaidia juzi tu. Maji anapewa, beseni ni safi. Basi huyu mnyama anaumwa nini?"

Kidoti alipiga moyo konde.

"Mama, sijui."

"Hujui nini?"

"Sijui alijisaidia lini. Nilisema jana, lakini nilisema tu. Sikuwa nimezoa."

Mama aliinuka, akaenda bafuni. Kidoti alimsikia akichimba mchanga kwa koleo dogo: koleo likaingia, likatoka, likaingia tena. Alipoitwa, alimkuta mama amechuchumaa, amefunika pua kwa ncha ya khanga. Chini ya mchanga mpya kulikuwa na tabaka la zamani, na chini ya hilo jingine, gumu na lenye harufu ya kuchoma macho.

"Tangu lini?"

"Wiki mbili. Karibu tatu."

"Na mimi nimeuliza kila asubuhi."

"Ndiyo, mama."

"Na kila asubuhi umenijibu." Mama hakufoka, na hilo ndilo lililomuumiza Kidoti zaidi. Aliliweka koleo chini, akanawa mikono. "Lete kile kikapu chenye kifuniko. Twende."

Njia nzima Jenerali alilia ndani ya kikapu. Wapita njia waligeuka, na mwanamke mmoja akauliza kama humo ndani mna mtoto. Mama alijibu, "Afadhali angekuwa mtoto, angesema panapomuuma."

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke wa makamo, mikono ya koti lake imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Alimweka Jenerali mezani, akambonyeza tumbo taratibu kwa vidole viwili, huku akisikiliza maelezo ya mama. Kisha akamtazama Kidoti.

"Sasa niambie wewe. Na kama hujui, sema hujui. 'Sijui' inanisaidia kuliko uongo."

"Sijui, daktari. Sijazoa beseni karibu wiki tatu. Maji nilikuwa naongezea tu. Na sijamchana."

"Vizuri," daktari alisema, na Kidoti alishangaa kusikia neno hilo. "Sasa nimeelewa. Kibofu chake hakijajaa, hilo ni jambo jema. Paka dume akijikamua hivi, mara nyingine ni mkojo ulioziba, na huo haungoji hata siku moja. Huyu amefunga choo. Nahisi vinyesi vimekauka kama kokoto. Paka ni msafi kuliko sisi. Akilikuta beseni chafu hujizuia, na akijizuia choo hukauka. Maji yaliyokaa siku nyingi hayanywi. Manyoya yasiyochanwa huyameza anapojilamba, nayo humkwama tumboni."

Alimdunga maji chini ya ngozi, kisha akamsukumia maji ya vuguvugu nyuma kwa mpira mwembamba, kazi ambayo alisema isijaribiwe nyumbani. Kokoto mbili tatu zilitoka. Jenerali alimzomea kila mtu chumbani.

"Zilizobaki zitatoka nyumbani, mkifanya kazi," daktari alisema. Alimpa mama chupa ndogo ya dawa ya kulainisha choo na bomba la kupimia, akaonyesha mstari wa kufikia. "Hiyo tu, si zaidi. Chakula kiwe laini, chenye maji. Mchanganyie kijiko kidogo cha boga lililochemshwa, bila chumvi wala kitunguu. Mchaneni. Mchezesheni, tumbo lipate kutembea. Msimlazimishe mafuta mdomoni, yanaweza kumwingia mapafuni, na hapo mngekuwa mnaniletea maiti. Akitapika tena au akikataa kula, rudini siku hiyo hiyo. Na kuanzia leo kuwe na daftari la kuandika anajisaidia lini."

Kidoti hakuwahi kuona mgonjwa mkaidi namna ile. Ijumaa ilikuwa sikukuu, hakuna shule; asubuhi alimpondea boga vizuri, akalichanganya na samaki. Jenerali alilamba samaki wote kwa ustadi wa ajabu, akaacha boga limebaki kama lilivyopikwa. Mchana Kidoti aliliponda upya, safari hii kwa supu ya samaki, akamsubiri magoti yakiuma. Akala nusu. Bakuli jipya la maji safi hakuligusa, lakini alipanda juu ya sinki na kuanza kulamba matone ya bomba. Kidoti alisimama pale robo saa nzima, akifungua bomba kidogo kidogo.

"Bwana mkubwa, nina kazi ya shule," alimwambia. Jenerali aliendelea kulamba.

Alimchana, manyoya yakajaa kiganja. Alifinyanga karatasi akamrushia ukumbini, na baada ya kuirusha mara kumi paka aliinyanyukia mara moja. Kwenye daftari aliandika: "Ijumaa asubuhi, hakuna. Mchana, hakuna. Saa kumi, amekaa kwenye beseni dakika sita, amenitazama, ametoka. Hakuna." Alitamani kulia. Kusafisha beseni kulichukua dakika tano. Sasa siku nzima ilikwenda kwa paka mmoja.

Jumamosi asubuhi mwalimu wa hesabu alikuja kujaribu gauni. Mama alikuwa ameshakata mkono mpya kwenye kipande kilichobaki, lakini ulikuwa bado haujashonwa.

"Mweleze wewe," mama alimwambia Kidoti.

Kidoti alisimama mbele ya mwalimu, mikono nyuma. Alianza na mchanga aliokuwa akinyunyiza juu, akaja kwenye neno "jana", akafika kwenye mafuta ya nyonyo. Hakumtupia mjomba lawama ili kujiokoa. Alipomaliza, daftari alilolishika lilimponyoka likaanguka chini.

Mwalimu aliliokota, akasoma ukurasa. "Nilidhani ni hesabu za sehemu," alisema. "Kumbe 'hakuna' kumi na moja. Natamani ungeandika hesabu zangu kwa uangalifu huu."

"Gauni litakuwa tayari jioni," mama alisema. "Sinyanyuki hapa mpaka niumalize mkono huu."

"Nitasubiri. Afadhali nimeambiwa ukweli kuliko ningeambiwa umeme ulikatika."

Hapo hapo kelele ya kuparuza mchanga ilisikika bafuni. Wote watatu wakageuza shingo. Mchanga ukaparuzwa tena, kwa nguvu, kisha Jenerali akatoka kama mshale, mkia umesimama, akazunguka sebule mara mbili, akapanda kochi, akashuka, akapita katikati ya miguu ya mwalimu.

Kidoti alikimbilia bafuni. "Mama! Amejisaidia! Viwili! Na kimoja ni kirefu hivi!"

"Mwanangu, mgeni hahitaji kipimo," mama alisema, lakini alicheka, na kicheko hicho kilikuwa cha kwanza tangu Jumatano. Mwalimu alicheka mpaka akashika meza.

Mwalimu alipoondoka, mama alimwita Kidoti akae karibu na cherehani.

"Uvivu nausamehe," alisema. "Humshika kila mtu siku moja moja, hata mimi. Kilichotufikisha huku ni lile 'ndiyo' lako. Kwa sababu yake mimi sikwenda kutazama. Na kwa sababu ya lile 'jana', daktari alituambia tusubiri, wakati mnyama anaumia. Yeye hawezi kusema, Kidoti. Wewe ndiye uliyekuwa ukisema kwa niaba yake. Siku ambayo hujafanya kazi yako, niambie hujafanya. Nitafoka, halafu kazi itafanyika."

"Utafoka sana?"

"Sana. Lakini nitafoka na kuacha."

Kidoti aliitikia kwa kichwa, macho yakiwa na machozi. Kisha alifungua daftari, akaandika saa, akachora mstari chini yake kwa rula. Akaenda bafuni, akafunga pua kwa vidole viwili, akachukua koleo.